Sproketi moja au tatu: kisa cha baiskeli ya dagaa ya Kalinzi

Kijana anayehusika na kisa hiki anauza dagaa. Anachukua mzigo mwaloni Kibirizi, Kigoma, anatokea Gungu, anafika Mwandiga, halafu anashika barabara ya Manyovu kupandisha vijiji vya Kalinzi. Huko juu watu wanalima kahawa, maharage na migomba, ziwa wanaliona kwa mbali, kwa hiyo dagaa wakavu na mawese hayalali. Akirudi anashuka na maharage au mikungu ya ndizi. Baiskeli yake ni ya gia, mtumba wa Japani, tairi za inchi 26. Swali lake lilikuwa fupi: fundi amemwambia aachane na gia za mbele, abaki na sproketi moja, yaani gurudumu moja tu la meno pale kwenye pedeli. Akubali au akatae?

Nakiandika kwa urefu kwa sababu swali hili linaulizwa sana siku hizi, na wanaolijibu wengi wameona video za vijana wa Ulaya wakiruka magogo na baiskeli zenye sproketi moja mbele. Wanachokiona kwenye video ni cha kweli. Tatizo ni kwamba wanaangalia mbele tu, nyuma hawaangalii, na siri yote iko nyuma.

Malalamiko yenyewe

Cheni ilikuwa inagoma kushuka kwenye sproketi ndogo. Anabonyeza swichi, hakuna kitu. Anabonyeza tena, hakuna kitu. Halafu baiskeli ikipita kwenye shimo, cheni inashuka yenyewe kwa kishindo, tena inapitiliza na kuangukia ndani, kati ya sproketi na fremu. Pedeli inazunguka bure. Baiskeli inasimama katikati ya mlima na kilo arobaini kwenye keria. Aliyewahi kujaribu kuanza upya mlimani na mzigo wa namna hiyo anajua kwamba hakuna kuanza: unashuka, unasukuma hadi upate mahali pa tambarare.

Fundi wake ana kibanda Mwanga na ni mtu mzima, mikono yake imetengeneza baiskeli za Phoenix tangu wengi wetu hatujazaliwa. Alimwambia, "Mdogo wangu, hizi gia za mbele ni mapambo. Phoenix ina moja tu na inabeba magunia."

Kijana akamjibu, "Mzee, Phoenix inabeba magunia Ujiji. Mimi nakwenda Kalinzi."

Jibu zuri, na mzee alicheka. Lakini hoja ya mzee haikuwa ya kutupwa. Baiskeli yenye sproketi moja mbele na moja nyuma ndiyo iliyobeba nchi hii. Nenda Tabora: mji uko juu kuliko Kigoma, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, ila ukishafika huko juu ardhi imetulia, na mtu anasafirisha magunia ya mkaa kilomita nyingi bila kujua gia ni nini. Phoenix niliyoihesabu meno ilikuwa na 48 mbele na 20 nyuma. Pedeli ikizunguka mara moja, baiskeli inasogea zaidi ya mita 5. Kwa njia ya Tabora hiyo ni sawasawa kabisa. Sasa mwangalie mwenye Phoenix hiyo hiyo anapofika kwenye mpando wa kutoka stesheni ya Kigoma kwenda Mwanga: ameshika usukani kwa mkono mmoja, tandiko kwa mkono wa pili, anatembea.

Ziwa Tanganyika liko mita 770 na kidogo juu ya bahari. Kahawa ya Kalinzi inalimwa juu ya mita 1,300. Kwa hiyo kijana wetu kila safari anapandisha mzigo zaidi ya mita 500 kwenda juu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iko baada ya Mwandiga. Kabla ya hapo kuna vipando, lakini ni vifupi.

Kabla ya kung'oa, tuangalie kilichoharibika

Mbele baiskeli ilikuwa na sproketi tatu: meno 42, 34 na 24. Nyuma friwili, yaani fungu la sproketi za nyuma, ya gia saba, ndogo ikiwa na meno 14 na kubwa 28. Huu ni mpangilio wa kawaida kwa baiskeli za bei nafuu, wengi mnao.

Kitu cha kwanza kilichoonekana kilikuwa kwenye cheni. Ilikuwa na rangi mbili. Sehemu ndefu ilikuwa ya kwake, nyembamba. Halafu kulikuwa na vipande vinene vilivyoungwa, vimetoka kwenye cheni ya Phoenix. Kuunga kunawezekana kwa sababu umbali wa pini hadi pini ni ule ule, nusu inchi, kwa cheni zote mbili. Upana ndio unaotofautiana: nafasi ya ndani ya cheni ya Phoenix ni kama milimita 3.2, ya baiskeli ya gia ni 2.4. Kipande kinene kikipita kwenye friwili kinasugua jino la jirani, na kikifika mbele kinagonga bamba la diraila, yaani kile kidude kinachoisukuma cheni kutoka sproketi moja kwenda nyingine. Ukisimama karibu ukazungusha pedeli taratibu kwa mkono ulikuwa unasikia: tk… tk… kila kiraka kilipopita.

Cha pili, waya wa gia za mbele ulikuwa umeshika kutu ndani ya ganda lake. Na hapa ndipo mambo yalipoanzia. Diraila ya mbele inapandisha cheni kwa kuvutwa na waya. Kuishusha ni kazi ya springi. Waya ukikwama, springi inashindwa, cheni inabaki juu. Fundi alipoona cheni haishuki, akafungua ile skrubu ndogo inayoweka mpaka wa ndani, akidhani diraila imezuiwa. Haikuwa imezuiwa na skrubu. Matokeo yake siku waya unapoachia ghafla kwa mtikisiko, hakuna tena mpaka: diraila inaruka hadi mwisho na cheni inaangukia kwenye fremu. Zile dalili mbili, kugoma na kupitiliza, zilikuwa ugonjwa mmoja na dawa yake mbaya.

Cha tatu kilikuwa kidogo: bamba la diraila lilikuwa limekaa juu mno. Ukingo wake wa chini unatakiwa uwe milimita 1 hadi 3 tu juu ya meno ya sproketi kubwa. Lake lilikuwa mbali, linaisukuma cheni kwa ncha.

Kwa hiyo baiskeli hii ingeweza kupona kwa waya mpya na ganda lake, cheni mpya ya aina moja, na bisibisi. Nilimwambia hivyo. Lakini kupona ni jambo moja, na swali la fundi ni jingine. Hata baiskeli nzima unaweza kuamua kuipunguzia vitu, na sababu ya mzee ilikuwa na uzito: waya huu utashika kutu tena. Masika ya Kigoma unayajua. Udongo mwekundu wa njia za kuingia vijijini unaingia kila mahali, na diraila ya mbele imekaa pale pale tairi la nyuma linaporushia tope.

Hesabu ya miguu

Anayetaka kuamua idadi ya sproketi aanze na gia nyepesi kuliko zote anayoihitaji, kwenye mpando mbaya kuliko wote, akiwa na mzigo mzito kuliko wote. Mengine yanafuata. Hesabu yake si ngumu. Chukua meno ya mbele, gawanya kwa meno ya nyuma, zidisha kwa mzunguko wa tairi. Tairi lake tulilitia alama ya chaki tukaliviringisha sakafuni: mita 2.06.

Akiwa kwenye 24 mbele na 28 nyuma, pedeli ikizunguka mara moja baiskeli inasogea mita 1.77. Kwenye 34 na 28, mita 2.50. Kwenye 42 na 28, mita 3.09. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, ambayo ni mwendo mzuri kwa mtu mwenye mzigo mlimani, hizo ni sawa na kilomita 6.4, 9 na 11 kwa saa.

Sasa uzito. Yeye ana kilo 65, baiskeli na keria yake ya nondo 17, kiroba cha dagaa pamoja na dumu la mawese 40. Jumla 122. Kwenye mpando wa asilimia 6, yaani kila mita 100 za barabara unapanda mita 6, mlima na msuguano wa tairi vinamvuta nyuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo nane na nusu. Kukanyaga mizunguko 60 kwenye gia ya 24 na 28 kunamdai wati 148 hivi. Mtu mwenye afya, aliyezoea kazi za nguvu, anaweza kutoa kiasi hicho kwa saa nzima akifika amechoka kawaida. Kwenye 34 na 28 anadaiwa wati 210. Hapo tunazungumzia mtu wa mazoezi. Kwenye 42 na 28, ambayo ndiyo fundi alitaka kuibakiza kwa sababu meno yake yalikuwa bado mazima, ni wati 260. Dagaa wasingefika.

Mtu atasema: si apunguze mwendo? Apunguze, wati zitashuka. Ila nguvu ya mguu kwenye pedeli haishuki. Kwa wastani, kwenye mpando huo wa asilimia 6, gia ya 24 inamtaka akandamize kilo 14, gia ya 34 inamtaka kilo 20. Mpando ukifika asilimia 10, na vipo vipande vya hivyo ukiacha lami, inakuwa kilo 22 kwa 31. Tena huo ni wastani wa mzunguko mzima. Mguu haukandamizi sawasawa, pedeli ikiwa juu kabisa au chini kabisa hakuna kinachofanyika, kwa hiyo pale katikati inabidi ukandamize karibu mara mbili ya wastani. Mara mbili ya 31 ni 62. Kijana ana kilo 65. Maana yake anasimama juu ya pedeli kwa uzito wake wote, mguu mmoja baada ya mwingine, na keria yenye kilo 40 inayumba huku na huku. Magoti hayatapona.

Hapo tukakubaliana jambo moja bila ubishi, hata mzee alitikisa kichwa: ile sproketi ndogo ya meno 24 ndiyo mali. Ya 42 ndiyo pambo. Alipoulizwa mara ya mwisho lini aliitumia ya 42, kijana alijibu kwamba labda siku anashuka, halafu akafikiri, akasema hata siku hiyo hakuwa anakanyaga, alikuwa ameshika breki.

Sproketi moja ya wenzetu

Wimbi la sproketi moja kwenye baiskeli za milimani lilishika kasi mwaka 2012, kampuni ya SRAM ya Marekani ilipotoa mfumo wa XX1: moja mbele, kumi na moja nyuma, kuanzia meno 10 hadi 42. Mwaka 2016 ikaja Eagle yenye kumi na mbili nyuma, 10 hadi 50. Shimano ya Japani ikajibu mwaka 2018 kwa XTR ya 10 hadi 51.

Iangalie hiyo 51. Mtu wa namna hiyo akiweka meno 32 mbele, gia yake nyepesi inasogea mita 1.29 kwa mzunguko, kwa tairi kama la kijana wetu. Ni nyepesi kuliko sproketi ndogo ya baiskeli yetu yenye tatu. Na gia yake nzito, 32 kwa 10, inasogea mita 6.59, yetu ya 42 kwa 14 inafika 6.18. Anatupita chini na juu, kwa sproketi moja. Gia yake nzito ni mara 5.1 ya nyepesi, yetu ni mara 3.5.

Kwa hiyo wanaosema sproketi moja ni bora hawadanganyi, wanazungumzia kaseti, yaani fungu lao la sproketi za nyuma, yenye ukubwa wa sahani. Ukiing'oa ya mbele bila kuileta ile ya nyuma, umechukua hasara ya mfumo bila faida yake.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwenye video. Sproketi zao zimechongwa jino nene, jino jembamba, kwa kupokezana, ili zijaze nafasi pana na nafasi finyu za cheni. Na diraila ya nyuma ina kizuizi ndani yake kinachoikaza cheni isirukeruke. Sproketi zetu za mafungu matatu zimetengenezwa kinyume: meno mafupi, mengine yamekatwa upande, pembeni kuna vipandio, vyote kwa makusudi ili cheni iachie kwa urahisi. Ondoa diraila ya mbele, bakiza sproketi ya namna hiyo peke yake, halafu pita njia ya mawe. Utaokota cheni mpaka uchoke.

Je, angenunua mfumo wao? Friwili yake inafungwa kwa uzi wa skrubu kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kaseti kubwa inataka habu ya aina nyingine, kwa hiyo gurudumu la nyuma linabadilika. Diraila ya nyuma inabadilika. Swichi inabadilika. Cheni inabadilika, inakuwa nyembamba zaidi, na siku ikikatika Kalinzi hakuna kipande cha kuunga kijiji kizima. Bei ya hivyo vyote inapita ya baiskeli yenyewe. Hilo tuliliacha bila mjadala.

Njia zilizobaki

Njia ya kwanza ilikuwa kutengeneza kila kitu kama kilivyokuwa. Haina ubaya. Kwa mtu anayeishi Bangwe na kufanya kazi Mwanga, ambaye njia yake ni panda shuka panda shuka, ningemwambia afanye hivyo na asisikilize mwingine, maana anabadilisha sproketi za mbele kila baada ya dakika chache.

Ya pili ilikuwa kubaki na ya 34 peke yake mbele na kuweka friwili kubwa nyuma. Zipo friwili za gia saba za uzi zenye meno 14 hadi 34. Shimano wanatengeneza, na zinaingia kwenye habu yake bila kubadilisha gurudumu. Diraila za nyuma za mkono mrefu, hata za bei ya chini, nyingi zinaimudu 34. Gia nyepesi inakuwa 34 kwa 34, mita 2.06, wati 173 kwenye mpando wetu wa asilimia 6. Ni afueni ukilinganisha na 210, ila bado haijafikia 148 alizozizoea.

Ngoja nikuonyeshe kitu kwenye hesabu hiyo. Punguza mzigo uwe kilo 20 badala ya 40. Gia ya 34 kwa 34 sasa inamdai wati 144. Yaani sproketi moja na mzigo nusu ni kazi ile ile ya miguu kama sproketi tatu na mzigo kamili. Kwa hiyo muuza maandazi, mwalimu anayekwenda shule ya kijijini na begi lake, mhudumu wa afya mwenye kisanduku cha dawa, hawa wanaweza kutupa gia za mbele wakaishi vizuri Kalinzi hiyo hiyo. Swali la sproketi ngapi lina jibu linalopimwa kwa kilo, na ndiyo maana mimi huwa namuuliza mtu amebeba nini kabla ya kumuuliza anakwenda wapi.

Ya tatu ilitokana na swali la kijinga kidogo: kwa safari moja, anabadilisha sproketi ya mbele mara ngapi kwa lazima? Tuliifuata njia yake kwa mdomo. Kibirizi hadi Mwandiga yuko kwenye 34, vipando vifupi anavimaliza kwa gia za nyuma. Mpando mrefu ukianza anahamia 24. Akifika juu anarudi 34. Kurudi ni kushuka, 34 moja kwa moja. Mara mbili tu, na mara zote mbili ni mahali ambapo husimama hata hivyo: chini ya mlima anakunywa maji na kukaza kamba za mzigo, juu ndiko wateja waliko.

Kitu kinachofanywa mara mbili kwa siku, tena umesimama, hakihitaji waya, swichi wala springi. Kinahitaji mkono.

Kilichofanyika

Diraila ya mbele ilifunguliwa, pamoja na waya na swichi yake. Sproketi zote tatu ziliachwa. Kwanza kwa sababu hatukuwa na hiari: kwenye krenki za bei nafuu, yaani mikono ya pedeli na sproketi zake, sproketi zimepigwa ribiti, hazina bolti, na kuitoa ya 42 kunataka kukata ribiti kwa grainda. Fundi alikuwa tayari kukata. Pili, na hili ndilo la maana, ya 42 ikiachwa bila cheni inakuwa ukuta. Cheni iliyo kwenye 34 haiwezi kuangukia nje kwa sababu ukuta uko pale. Ikiangukia ndani, inatua kwenye 24, haifiki kwenye fremu. Pedeli inakuwa nyepesi ghafla, unashtuka, lakini husimami. Ya kati imelindwa pande zote mbili na ndugu zake.

Cheni mpya, nyembamba, ya kipande kimoja. Urefu wake tuliupima kwa kuizungusha kwenye 42 na sproketi kubwa ya nyuma ingawa 42 haitumiki. Mzee aliona ni kupoteza cheni. Ila baiskeli ya nyumbani huazimwa, watoto wa shangazi hucheza nayo, na siku mmoja akiipandisha kwenye 42 nyuma ikiwa kwenye kubwa, cheni fupi itang'oa diraila ya nyuma pamoja na sikio la fremu linaloishika.

Kuhamisha anafanya hivi: anaegemeza baiskeli, anausukuma mkono wa diraila ya nyuma kwa mbele ili cheni ilegee, anaibinua cheni kwa kijiti cha mwanzi na kuilaza kwenye sproketi anayoitaka, anazungusha pedeli nusu mzunguko. Kijiti kinakaa kwenye mpira chini ya tandiko. Vidole havigusi cheni. Hilo alilisisitiza yeye mwenyewe, kwa sababu mkono wenye grisi ukizamishwa kwenye kiroba cha dagaa mbele ya mama mnunuzi, biashara imekwisha.

Baadaye, pesa ilipopatikana, akaagiza na friwili ya 14 hadi 34 kutoka Dar es Salaam. Hapo kikatokea kilichotarajiwa nusu na kisichotarajiwa nusu.

Kilichotarajiwa: siku za mzigo mwepesi sasa haigusi ya 24 kabisa, anapanda kwa 34 na 34, sawa na hesabu ya kilo 20. Kisichotarajiwa na yeye, ingawa mimi nilikuwa nimekisoma kwenye meno: friwili hiyo inakwenda 14, 16, 18, 20, 22, 24, halafu inaruka hadi 34. Katikati hakuna kitu. Ukitoka ya 24 kwenda ya 34 miguu inakwenda mbio ghafla na baiskeli inapoteza mwendo. Ukirudi, mlima unakugonga kifuani. Analalamika hadi leo kwamba gia anayoitamani, ya kama 28, ndiyo waliyoiruka. Ana haki. Watengenezaji waliitoa kafara ili wapate ile 34 ndani ya sproketi saba.

Na mchanganyiko wa 24 mbele na 34 nyuma, ambao kwenye karatasi ulionekana mtamu? Mita 1.45 kwa mzunguko, kilomita 5.2 kwa saa. Aliujaribu kwenye kipande kikali cha njia ya udongo akauacha. Mwendo huo ni mdogo mno kwa baiskeli yenye mzigo juu ya keria. Usukani unacheza, gurudumu la mbele linanyanyuka kidogo kila ukikandamiza, na ukikosea unalala na dumu la mawese. Anashuka anasukuma, karibu mwendo ule ule. Nadhani hapo ndipo kikomo cha gia nyepesi kwa mchukuzi kilipo: chini ya kilomita 5 kwa saa, miguu miwili ardhini ni bora kuliko gia yoyote.

Cheni iliwahi kuruka kutoka 34 kwenda 24 masika yote? Ndiyo, akishuka mtupu kwenye mashimo nyuma ikiwa kwenye sproketi ndogo ya 14, maana hapo cheni ndiyo inalegea kuliko pote. Siku hizi kabla ya kuteremka anaiweka nyuma kwenye sproketi za kati, cheni inakazwa na mkono wa diraila, inatulia. Anashuka hakanyagi, kwa hiyo hapotezi kitu.

Pesa aliyokuwa ameitenga kwa ajili ya waya, swichi na diraila mpya ya mbele ilienda kwenye raba za breki, za mbele na nyuma. Hilo halikuwa sehemu ya swali, lakini mtu anayeshuka kutoka Kalinzi na mikungu minne ya ndizi halafu anajadili sproketi huku raba za breki zimebaki chuma, nadhani tumwangalie vizuri.

Mzee wa Mwanga hajakubali moja kwa moja. Alipokiona kijiti chini ya tandiko alisema, "Kwa hiyo mwanzi ndiyo diraila ya kisasa?" Kijana akamwambia, "Mzee, huu haushiki kutu." Wakaachana hapo kwa amani, na mzee ndiye aliyemkatia ule mpira wa kufungia.

Linalofuata liko kwenye sproketi ya kati. Ya 34 ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote tangu baiskeli iko Japani, na meno yake yameanza kuchongoka. Cheni mpya juu ya meno ya namna hiyo inaanza kuteleza ukikandamiza kwa nguvu, na kwa kuwa zimepigwa ribiti huwezi kubadilisha moja. Kwa sasa anaipima cheni kwa futi ya fundi nguo: vipande 24, kutoka pini hadi pini, vinatakiwa kuwa milimita 304.8; vikikaribia 307 anabadilisha, ili cheni iliyovutika isiendelee kuyala meno. Siku ya 34 ikigoma atahitaji krenki nzima. Nimemwambia atafute kwenye mitumba yenye sproketi za bolti, ikiwezekana mbili tu, ndogo yenye 22 au 24 na kubwa isiyozidi 36, na aende na krenki ya zamani mkononi alinganishe tundu la ekseli, maana la mraba haliingii kwenye ekseli ya pini ya Phoenix hata ulipige nyundo.